Mwana wa Bukavu na Kazi ya Sinema

Siku moja ya Jumamosi baba mmoja wa Butembo alinijia shuleni, kofia mkononi, uso umekunjamana. Ni mfanya biashara, mtu wa kuheshimiwa sokoni. Alianza na meza ndogo ya sabuni na chumvi, na sasa ana duka lenye milango miwili. Nyuma yake alisimama mwanawe, kijana wa miaka 17, akitazama chini.

“Mwalimu,” akasema yule mzee, “mtoto huyu ananipotea. Mimi namwambia ashike duka, yeye anasema atapiga sinema. Namwuliza: sinema ni kazi ya mtu gani? Hana jibu. Mwulize wewe.”

Nikamwuliza kijana. Akanijibu kwa sauti ndogo: “Nataka kutunga michezo ya kuigiza, kuitilia muziki na kuifanya sinema. Lakini baba anataka nimtajie mtu mmoja wa kwetu aliyeishi kwa kazi hiyo, nami sina wa kumtaja.”

Wasomaji wapenzi, swali la mzee huyu si la kuchekwa. Mfanya biashara hanunui mzigo asioujua, wala hamtumi mwanawe katika njia ambayo hakuna aliyerudi kutoka huko. Basi, nikawakalisha wote wawili, nikawasimulia habari za mtu mmoja wa Kivu. Yafaa niwaandikie na ninyi, maana najua kwamba katika nyumba nyingi za Beni na Butembo ugomvi kama huo umo mezani kila jioni.

Mtu huyo anaitwa Mwezé Ngangura.

MBELE YA MASHINE NA NYUMA YAKE

Ngangura alizaliwa Bukavu tarehe 7 Oktoba 1950. Nyakati hizo Kongo ilikuwa bado chini ya Wabelgiji, na sinema ilikuwa jambo lenye ulinzi mkali. Kwa amri zilizotolewa katika miaka ya 1930 na 1940, mtu hakuweza kupiga picha za sinema katika koloni pasipo ruhusa ya serikali, na watu weusi hawakuruhusiwa kutazama ila zile zilizokwisha kupitishwa na wakaguzi. Wenye amri walihofu kwamba Mwafrika akimwona Mzungu anaiba au kulewa katika picha, heshima ya utawala itaanguka.

Hata hivyo sinema ilitembea, na waliotembea nayo zaidi walikuwa wamisionari. Palikuwa na vituo vitatu vikubwa: kimoja Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo; kimoja Luluabourg, yaani Kananga; na cha tatu huko huko Bukavu, mikononi mwa Mapadre Weupe. Padre Albert Van Haelst wa Luluabourg alitengeneza picha za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mmoja mnene, mwenzake mwembamba, ambao makosa yao yaliwafundisha watazamaji huku wakicheka. Shuka jeupe lilitundikwa, mashine ya umeme ikanguruma, na kijiji kizima kikakaa chini kutazama.

Lakini fikirini jambo hili moja. Katika picha hizo Mwafrika alikuwa mbele ya mashine. Nyuma yake hakuwapo. Alicheza, aliimba, alichekesha, ila hadithi ilikuwa imetungwa na mwingine, na mwingine ndiye aliyechagua kipi kionekane na kipi kikatwe. Mtu anaweza kuimba maisha yake yote katika nyumba isiyo yake, na siku akifukuzwa hana hata kigoda cha kubeba. Kazi ya Ngangura, tangu ujana wake hata uzee, ilikuwa ni kuhama kutoka mbele ya mashine kwenda nyuma yake.

MASOMO YA UBELGIJI, KAZI YA KINSHASA

Alipomaliza masomo ya kwao alikwenda Ubelgiji, akaingia chuo cha sanaa za utangazaji kiitwacho Institut des Arts de Diffusion. Huko alijifunza kazi ya mtengeneza sinema, na kabla ya kumaliza katikati ya miaka ya 1970 alikwisha kufanya picha fupi mbili. Yafaa kutaja kwamba zote mbili zilihusu muziki na mapigo ya ngoma. Tangu mwanzo hakutenga muziki na picha. Picha ya Kongo isiyo na wimbo ni kama chakula kisichotiwa chumvi.

Mwaka wa 1976 alirudi nyumbani. Nchi ilikuwa imekwisha kubadilishwa jina, ikaitwa Zaire. Televisheni ilikuwa ya serikali, na kila jioni kabla ya habari uso wa Rais Mobutu ulitokea katikati ya mawingu kana kwamba unashuka kutoka mbinguni. Fedha za kutengeneza hadithi za watu wa kawaida hazikuwapo. Wengi waliorudi na vyeti kama chake walikaa maofisini wakingoja mshahara. Ngangura alifundisha katika chuo cha sanaa cha Kinshasa, na alipokuwa akifundisha alitafuta njia.

Alianza na kitu kidogo kilicho karibu. Kinshasa palikuwa na kijana mchoraji, Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka wa 1956. Alianza kwa kuchora mabango ya maduka, kisha akachora picha kubwa zenye maneno, akisema wazi mambo ambayo watu husemezana kwa kunong’ona. Mwaka wa 1980 Ngangura alifanya sinema fupi ya kumhusu. Mwaka wa 1982 akafuatisha nyingine, Kin Kiesse, inayoonyesha furaha na uchungu wa jiji la Kinshasa: muziki wake, vinyozi wake, harusi zake, matope yake. Picha hiyo ikapata tuzo huko Ouagadougou katika sherehe za sinema za Afrika za mwaka wa 1983.

Vijana, angalieni mwendo wake. Hakungoja apate fedha za sinema kubwa ndipo aanze. Aliona mchoraji mmoja mtaani, akamfuata. Mwenye kungoja mvua inyeshe shambani mwote hapandi hata mstari mmoja.

MTUMISHI ALIYETAKA KUIMBA

Mwaka wa 1987 ikatoka sinema yake ya kwanza ndefu, La vie est belle, maana yake Maisha ni Mazuri. Aliiongoza pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Mchezaji mkuu hakuwa mtu wa sinema, bali mwimbaji ambaye kila Mkongo alimjua: Papa Wemba.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Kourou, mwanamuziki wa kijijini, anashika njia kwenda Kinshasa, akitamani kuimba na vyombo vya umeme. Jiji halimngojei. Anafanya hiki na kile, mwisho anakuwa mtumishi wa nyumbani kwa tajiri mmoja mwenye jumba la muziki. Anampenda msichana Kabibi, kumbe yule tajiri naye, kwa shauri la mganga, anamtaka msichana huyo huyo awe mke wa pili. Hapo ndipo vituko vinapoanza. Ndani ya picha wanaonekana pia Pépé Kallé, jitu la mwili na sauti, na mcheza dansi wake mfupi Emoro, ambao hata leo wazee wakitajiwa wanacheka.

Watu waliipenda sinema hiyo Kinshasa, na nje ya Kongo pia. Sababu haikufichika. Mtazamaji alijiona. Aliona mama anayeuza chakula kando ya njia, kijana asiye na nauli, bwana mkubwa asiyetawala nyumba yake mwenyewe. Hakuna aliyehubiri, na bado kila mtu alitoka na funzo lake. Papa Wemba aliendelea na kazi yake ya muziki miaka mingine karibu 30. Alifariki tarehe 24 Aprili 2016, akianguka jukwaani mjini Abidjan, kipaza sauti kikiwa karibu yake.

HESABU YA SINEMA

Hapo yule mzee wa Butembo alinikatiza. “Mwalimu, hayo ya kucheka nimeyasikia. Sasa nionyeshe hesabu.”

Alikuwa na haki. Basi tuione hesabu.

Siku zile sinema ilipigwa kwa utepe. Macho ya binadamu yakitaka kuona mwendo usiokatika, mashine hupiga picha 24 kwa kila sekunde moja. Utepe mpana wa milimita 35 hupita mashineni karibu mita 27 kwa dakika. Kwa hiyo sinema ya saa moja na nusu ni karibu mita 2,500 za utepe. Hizo ni zile zinazobaki tu, maana mwongozaji hupiga mara tano, mara kumi, hata zaidi, kisha huchagua. Kila mita inanunuliwa. Kila mita lazima isafishwe kwa dawa katika maabara, na maabara nzuri zilikuwa Ulaya. Ongeza taa, mafundi wa sauti, nauli, chakula cha wachezaji, malipo ya wanamuziki. Kisha ongeza nakala za kupeleka kwenye majumba ya sinema, kila nakala kwa bei yake.

Nani alipe? Hapo ndipo inapoonekana kazi ya mtoaji wa sinema, ambaye watu humsahau. Mwongozaji huwaambia wachezaji wasimame wapi. Mtoaji huhakikisha kwamba kuna wachezaji. Huandika mradi, hupeleka kwa mawaziri wa utamaduni, kwa vituo vya televisheni, kwa mifuko ya misaada. Huyu ampa sehemu, yule ampa sehemu, na hakuna anayetoa mpaka aone mwingine ametoa. Ni kama likilimba ambayo wanachama wake wako Brussels, Paris na Kinshasa, hawajuani, na kila mmoja ataka kuwa wa mwisho kuchanga. Ngangura alilazimika kuwa mwongozaji na mtoaji pamoja. Alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kutoa sinema, ili hadithi zake zisiwe mali ya mwenye fedha peke yake.

Na wakati unapita. Toka sinema yake ndefu ya kwanza mpaka ya pili ilipita miaka 11. Wazazi, yafikirini: miaka 11! Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa anamaliza shule ya msingi.

KURUDI KWA BIBI

Miaka hiyo hakukaa bure. Akiishi Ubelgiji alifanya picha za habari za kweli, ambazo gharama yake ni ndogo. Katika moja alionyesha muziki wa weusi na weupe waliokutana Brussels. Mwaka wa 1994 alitoa ile ambayo sisi wa Kivu tungepaswa kuijua zaidi: Le roi, la vache et le bananier, yaani Mfalme, Ng’ombe na Mgomba. Ndani yake anarudi Ngweshe, katika nchi ya Bushi, kwenye ufalme wa babu na bibi zake.

Mtu aliyesoma Ulaya anarudi milimani anaulizia vitu vitatu: mfalme aliyetawala, ng’ombe aliyeoesha vijana, mgomba uliolisha na kunywesha wageni. Si hadithi ya vita, wala ya maajabu. Wazee wanazungumza, naye anasikiliza. Mwenye kutazama picha kama hiyo leo anatambua thamani yake, maana tangu hapo vita vimepita mara nyingi juu ya milima hiyo, na wazee wengi wamekwenda na maneno yao.

MFALME MLANGONI PA BRUSSELS

Mwaka wa 1998 ikaja Pièces d’identités, maana yake Vitambulisho. Mfalme mzee, Mani Kongo, alimpeleka binti yake Mwana Ubelgiji akiwa mtoto, asome mpaka awe daktari. Barua zikakoma. Mzee anafunga safari kumtafuta, amevaa mavazi na alama za ufalme wake. Kijijini watu hupiga magoti mbele ya alama hizo. Brussels polisi wanamtaka kitambulisho. Anaibiwa, anadanganywa, alama za enzi zinamtoka mkononi, na binti aliyemdhania daktari amepita katika njia za giza. Wanaomsaidia si wakubwa, bali ni watu wadogo wa mitaani.

Ni nani katika wasomaji wetu asiye na ndugu aliyekwenda mbali na barua zake zikakoma? Ngangura alichukua uchungu huo, akautia kicheko, wala uchungu haukupungua.

Mwaka wa 1999 sinema hiyo ilipelekwa Ouagadougou, kwenye sherehe zilizoanza mwaka wa 1969 na kufanyika kila baada ya miaka miwili. Tunzo kuu ya huko ni sanamu ya farasi wa dhahabu, ukumbusho wa binti mfalme Yennenga. Mwaka huo farasi alipewa mwana wa Bukavu, na ilikuwa mara ya kwanza sinema ya Kongo-Kinshasa kumtwaa. Siku zile zile nyumbani kwake vita vilivyoanza Agosti 1998 vilikuwa vinaitafuna Kivu. Wakati dunia ilipojifunza jina la Kongo kwa sababu ya bunduki, palikuwa na mahali pamoja walipolitaja kwa sababu ya kazi.

Baadaye aliongeza mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, Mavazi Mapya ya Gavana, akichukua ngano ya mtunzi wa Denmark, Andersen, ya mwaka wa 1837, na kuileta Kongo. Mtawala anavishwa nguo zisizokuwapo, na kila mmoja anazisifu kwa woga. Haikuhitaji maelezo kwetu. Kwa hiyo muziki, sinema na mchezo wa jukwaani vikakutana katika mfuko mmoja.

WENGINE NJIANI

Ngangura si wa pekee. Huko Nigeria, Hubert Ogunde, aliyezaliwa mwaka wa 1916 na aliyekuwa polisi, alianza mwaka wa 1944 kwa mchezo wa nyimbo uliotungwa kwa ajili ya kanisa. Akaacha upolisi, akafanya kundi lake kuwa kazi ya kulipwa, wakizunguka nchi miji kwa miji. Mwaka wa 1964 mchezo wake mmoja uliikasirisha serikali ya jimbo la magharibi, kundi likapigwa marufuku huko kwa miaka miwili. Hakuvunjika. Alipozeeka aliingia katika sinema, akaigiza ndani yake mpaka karibu na kufa kwake mwaka wa 1990.

Karibu na kwetu, Petna Ndaliko Katondolo, mtengeneza sinema, alianzisha Yole!Africa huko Kampala mwaka wa 2000. Baada ya mlima Nyiragongo kulipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava kukata mji wa Goma katikati, kazi hiyo ilitia mizizi Goma. Vijana walijifunza muziki, dansi na upigaji wa sinema, na sherehe za sinema za kila mwaka zikaanza. Hata mashine imebadilika: utepe wa mita 2,500 umekwisha, na kijana wa Beni mwenye simu nzuri amebeba mfukoni kitu ambacho Ngangura wa mwaka wa 1976 angekitafuta kwa machozi.

Lakini mashine rahisi haitungi hadithi nzuri. Wala haifunguli mlango wa kuuzia: majumba mengi ya sinema ya Kinshasa yalifungwa, mengine yakageuzwa nyumba za ibada za madhehebu mapya. Picha zinanakiliwa bila ruhusa na kuuzwa kwa bei ya karanga. Nani basi atamlipa mtunzi? Wanaonunua nakala za wizi, na sisi walimu hatuna usafi wote katika hilo, wanakula mbegu ya mwenzao.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU

Wengine watasema: Beni ina vilio tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, huu si wakati wa michezo. Nawaomba wakumbuke Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikufa, wengi wao katika nchi yetu ya Beni na Butembo. Dawa na chanjo zilikuwapo, lakini watu hawakusadiki. Mwanzoni mwa mwaka wa 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kilichokosekana ni neno la kusadikika, linalosemwa na mtu wa nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Tangazo la mgeni watu hulisikia. Wimbo wa jirani na mchezo wa redioni kwa Kinande na Kiswahili, huo huingia jikoni na kukaa na mama.

Basi anayejifunza kutunga mchezo vizuri hajifunzi upuuzi. Siku ya hatari nchi itamhitaji kama inavyomhitaji mganga.

Nilipomaliza, mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akamgeukia mwanawe. “Huyo Ngangura alisoma kwanza?”

“Alisoma, baba.”

“Na alijua hesabu?”

Kijana akanitazama. Nikamjibu mimi: “Mzee, asingejua hesabu tusingemjua yeye.”

Mzee akavaa kofia yake. “Haya. Utamaliza shule. Jumamosi utakaa dukani uandike daftari, upate kujua fedha inavyoingia na inavyotoka. Mchezo wako wa kwanza nitanunua mimi taa. Lakini taa hiyo nakukopesha; sikupi.”

Wakaondoka pamoja, mmoja mbele, mwingine nyuma. Walipofika lango la shule niliona wanakwenda sambamba, na kijana anaeleza jambo kwa mikono yote miwili.